Matairi ya baiskeli kwa safari ya Ngazidja: kagua ubavu kwanza

Tangu nianze kuandika kuhusu kuzunguka Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa baiskeli, maswali mengi ninayopata ni ya matairi. Wa karibuni kuniandikia ni kijana wa Dar aliyenunua matairi mapya ya bei mbaya, yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba pancha kwao ni marufuku. Akapanda nayo ndege hadi Moroni, na kabla hajafika Foumbouni tairi la nyuma likawa limechanika ubavuni, mpasuko wa kuingia kidole. Alinitumia picha. Meno ya tairi hayajalika hata kidogo, bado yana vile vinywele vya mpira vya kiwandani, na ubavu umefunguka kama mfuko wa nailoni. Picha za aina hiyo ninazo nyingi sasa, na zote zinaonyesha jeraha mahali pale pale. Nimechoka kuwajibu watu mmoja mmoja.

Kisiwa chenyewe kinaeleza kila kitu. Sehemu kubwa ya Ngazidja ni mgongo wa Karthala, mlima wa volkano wenye mita 2,361 ambao haujalala. Mwaka 1977 lava iliteremka hadi Singani, upande wa kusini-magharibi, ikabomoa nyumba za watu. Mwaka 2005 majivu yakachafua matangi ya maji vijijini. Barabara ya pwani kutoka Moroni kwenda kusini, ukipita Iconi na Mitsoudjé, inakatiza juu ya mitiririko ya lava ya nyakati mbalimbali. Okota jiwe moja pembeni ya barabara ulitazame kwa karibu. Limejaa vitundu vya hewa, kwa sababu lilipoa haraka gesi ikiwa bado inatoka ndani yake. Likivunjika, kila kitundu kinaacha mdomo mwembamba, mkali, wenye asili ya kioo. Mimi hushika mawe hayo kwa glavu.

Sasa fikiria lami iliyomeguka pembeni. Gari linakuja nyuma yako linapiga honi, unaliachia njia, gurudumu linashuka kutoka kwenye ukingo wa lami na kuanguka kati ya mawe hayo. Msumari na mwiba hutoboa kutoka chini. Lava hukata kutoka pembeni, huku mzigo wako wote ukilikandamiza tairi dhidi yake. Na kinga zote zinazotangazwa, ule mkanda mnene wa mpira na ule wa nyuzi ngumu, kwa kawaida huwekwa chini ya meno peke yake. Ubavu unabaki kitambaa na mpira mwembamba juu yake. Muuzaji hakwambii hilo, na wengi wao, naamini, hawalijui.

Kwa hiyo humu sitazungumzia wepesi, rangi wala umbo la meno. Ukifika dukani, fungua tairi, weka vidole gumba viwili nje na vingine ndani, ukunje ubavu kama unayekunja chapati. Ukiona nyuzi zinachungulia kwenye mkunjo, rudisha. Ukiona nyufa ndogondogo kama za matope yaliyokauka, rudisha haraka zaidi, tairi hilo limekaa juani.

La kwanza kwangu, bila kupepesa macho, ni Schwalbe Marathon Mondial, toleo lililoandikwa DD. Wajerumani hawa wamelizungushia kinga mpaka ubavuni, kitambaa kigumu ambacho ukikipapasa kwa kucha unahisi mikwaruzo yake. Pia linakunjika, maana ukingo wake hauna waya wa chuma, hivyo unaweza kufunga la akiba juu ya begi la nyuma bila kulipinda vibaya. Safari ya kisiwa ambako huwezi kutegemea kukuta duka lenye saizi yako inadai tairi moja la akiba, na lazima liwe la kukunjika. Ninaipenda kampuni hii wazi wazi na sioni sababu ya kuficha. Ukinunua, angalia herufi hizo mbili, kwa sababu Mondial ya kawaida yenye waya haina ubavu ule ule, na wauzaji huzichanganya.

La pili ni Schwalbe Marathon Plus. Hili ndilo maarufu, lenye mkanda wa mpira wa milimita 5 chini ya meno. Kwa miiba, misumari na vioo vya chupa sijaona mshindani wake, na kwa mtu anayezunguka Dodoma au Singida ningeliweka juu. Ila kwa Ngazidja mkanda ule haufiki ubavuni. Mpira wa ubavu wake umetengenezwa usipasuke mapema ukiendeshwa na upepo mdogo, jambo jema, lakini hiyo ni kinga ya uzee tu, haizuii kisu. Ni zito pia, saizi ya 47-622 (namba hizi nitazieleza chini) inazidi kilo moja kwa kila tairi, na kulivua kwenye rimu kunataka vidole vya fundi chuma. Nenda nalo ukikosa la kwanza.

La tatu ni Marathon ya kawaida, mkanda wa milimita 3, kwa mwenye nia ya kubaki kwenye lami kati ya Moroni na Mitsamiouli. Baada ya hapo naweka Continental Contact Plus, tairi la heshima ambalo sina ugomvi nalo.

Matairi ya tyubulesi, yale yasiyo na tyubu na yanayowekewa maji ya kuziba, yana wapenzi wengi siku hizi. Maji yale huziba tundu dogo kwenye meno vizuri sana. Ubavuni hayashiki, kwa sababu ubavu unajikunja kila gurudumu linapozunguka na kile kizibo kinang'oka. Joto la pwani nalo huyakausha ndani ya miezi michache. Matairi ya bei nafuu yanayoning'inia kila duka yanafaa kwenda sokoni na kurudi, usivuke nayo bahari.

Hapa naomba niseme la moyoni. Matairi mazuri yakifika kwetu, yananyanyaswa. Yanatundikwa nje ya duka, jua la mchana kutwa, mwaka mzima, halafu yanauzwa kama mapya. Yale ya waya yanakunjwa mara tatu na kufungwa kamba ili yaingie kwenye boksi, waya unapinda, na gurudumu halitakaa sawa tena. Kuna mitumba inayopakwa dawa ya kiatu ikang'aa, unaambiwa ni orijino kutoka Ujerumani. Na bei! Marathon Plus huko Ulaya huzunguka euro 40 hadi 60. Kuna duka limewahi kunitajia zaidi ya mara mbili ya hapo, na nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwamba wanaonunua ni wazungu. Sisi wenyeji tunaosafiri kwa baiskeli tupo, na tunaongezeka, na tunalipa kwa jasho letu. Hatustahili kupigwa bei ya mgeni ndani ya nchi yetu.

Lingine linalowaumiza watu ni namba. Muuzaji atakwambia ishirini na nane ni ishirini na nane. Si kweli. Baiskeli zetu za kazi, zile za Phoenix na ndugu zake, huchukua 28 ambayo kipenyo chake cha rimu huandikwa 635. Baiskeli ya safari iliyoandikwa 28 au 700 inachukua 622. Milimita 13 zinatosha kabisa tairi lisiingie au lichomoke njiani. Soma namba ndogo iliyochongwa ubavuni, mfano 50-622: ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa milimita. Kwa mwenye mizigo ningechagua unene wa 47 hadi 50.

Upepo nao usijazwe mpaka tairi liwe jiwe, ingawa mafundi wengi hupenda hivyo. Tairi la 50 lenye mizigo linaridhika na bar 3 hivi. Likiwa gumu kupita kiasi halinepi juu ya jiwe, linakatwa. Likiwa laini mno, tyubu inabanwa kwenye rimu na kutoka matundu mawili yaliyopangana.

Kuziba pancha Ngazidja kuna shida yake ambayo bara hatuifikirii: kisiwa hakina mito ya kudumu. Mvua inazama moja kwa moja kwenye mawe yenye matundu, na vijiji vingi vinaishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye matangi. Lile karai la maji la fundi wa Kariakoo usilitegemee, na tafadhali usiombe ndoo ya maji ya mtu kwa ajili ya tyubu. Ijaze tyubu mpaka iwe mara mbili ya unene wake, kisha ipitishe polepole karibu na midomo yako iliyolowa. Utahisi ubaridi kwenye tundu kabla hujausikia mlio. Weka alama ya kalamu, piga msasa, bandika. Halafu, kabla hujarudisha, pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi lote. Vipande vya lava ni vidogo kama punje za chumvi, jicho halivioni, lakini pamba hunasa. Ukiruka hatua hiyo utasimama tena kabla ya kijiji kinachofuata.

Kiraka cha solusheni kinashika kuliko cha kujibandika, ila solusheni ni kitu kinachoshika moto na ukaguzi wa uwanja wa ndege unaweza kuizuia. Beba viraka vya kujibandika kama akiba. Kwa ubavu uliochanika, kiraka cha tyubu hakisaidii, kwa kuwa tyubu itatokeza nje kupitia mpasuko na kupasuka. Kata kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, urefu wa kidole, kitengeneze kingo ziwe nyembamba, ukiweke ndani kati ya tairi na tyubu. Mpasuko ukiwa mrefu, ushone kwanza kwa shazia na uzi wa fundi viatu, kisha weka kipande juu. Punguza upepo, hamisha mizigo mizito mbele kama lililochanika ni la nyuma, na utafika Moroni.

Kama unalijua duka, Dar, Mombasa au Unguja, linaloweka Mondial DD ndani, mbali na jua, na kuiuza kwa bei ya haki kwa kila mtu, niandikie. Nitakwenda kulikagua mwenyewe, nikunje ubavu wa kila tairi, na likifaulu nitalitangaza bure.