Programu ya Hadithi Iliyoniita Mashine: Uzoefu Wangu

Kabla hamjaniambia nina hasira za kitoto, someni kwanza ujumbe niliotumiwa na programu ninayowekea hadithi zangu. Nimeunakili kama ulivyo, sijagusa hata nukta: "Mpendwa mwandishi, sura yako imepatikana kuwa na maudhui ya mashine. Imeondolewa kwa usalama wa jumuiya. Tafadhali kuwa halisi. Asante kwa kuwa wewe."

Asante kwa kuwa wewe! Nani hapa Tanga, nani Unguja, nani Mombasa, aliyewahi kumshukuru mwenzake kwa kuwa yeye? Yaani ujumbe unaonituhumu kwamba hadithi yangu imetungwa na mashine umetungwa na mashine, tena mashine ambayo haijakaa barazani hata jioni moja. Nilicheka kwanza. Hasira zilikuja baadaye, nilipofungua ukurasa wangu nikakuta sura yote haipo, na maoni ya wasomaji yameondoka nayo.

Jina la programu silitaji, mama kanikataza. Wanaoitumia wataitambua: unaandika hadithi sehemu kwa sehemu, watu wanasoma bure na wanaacha maoni chini ya kila aya. Mambo ya inakula MB ngapi na ina rangi gani kasomeni huko huko mnakoipakulia.

Mimi nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari ya bweni. Bweni simu ni marufuku, ukikamatwa nayo unaitiwa mzazi. Kwa hiyo hadithi naziandika kwenye kauntabuku wakati wa prepo, nimeificha chini ya daftari la Baiolojia, na likizo ikifika nahamishia kwenye simu ya dada yangu usiku, maana ndiyo saa bando linapokuwa rahisi na yeye mwenyewe kalala. Naeleza haya ili mjue kwamba kila sentensi niliyoweka kule nimeiandika mara mbili, mara ya kwanza kwa kalamu ya wino. Mashine gani inatoa malengelenge kidoleni?

Na sitaki kuwa mnafiki. Nilikuwa naipenda hii programu, naipenda sana. Shuleni insha inasomwa na mtu mmoja, anaitia alama nyekundu, anaandika "jitahidi", basi. Kule mtu anasoma mstari wako na kukujibu hapo hapo. Kuna mama mmoja yuko Muscat, asili yao Unguja, alinifuata tangu sura za mwanzo. Siku moja aliandika: "Umekatia patamu mwanangu, huku tuna arosto, tupia nyingine." Mimi nikamwamkia kwanza, maana picha yake inaonyesha mvi. Akaitikia marahaba chini ya aya ya tatu, mbele za watu wote, ndipo tukaendelea kubishana kama yule shangazi kwenye hadithi ni mbaya kweli au ameumizwa tu. Alisema hata kwao aliwahi kuwapo shangazi wa namna ile na hakuna aliyemsikiliza. Sura iliyofuata nilimpa shangazi nafasi ya kusema, kwa ajili yake huyo mama. Niambieni ni mwalimu gani angenifanyia hivyo. Kwa hili peke yake ningetoa nyota tano bila kusita.

Haya sasa, ile sura waliyoifuta.

Hadithi yangu inahusu nyumba moja yenye wake wenza. Sura ile inaanza na bibi anayesimulia, na msimulizi yeyote wa pwani haanzi hewani hewani. Anaita "Paukwa!", watoto wanaitika "Pakawa!", kisha anamwaga: kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, vijino kama chikichi. Bibi yangu wa Pangani hakosi hata silabi, na ukimkatiza anaanza upya. Nikaiweka yote mwanzoni mwa sura. Halafu methali mbili tatu katikati, maana yule bibi wa hadithi ndivyo anavyosema, hawezi kuomba maji bila methali.

Mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kompyuta, ndiye aliyenifumbua macho. Anasema hizi programu za kukagua kama maandishi ni ya mtu au ya mashine, yaani vichunguzi, nyingi zinatazama kama neno linalofuata linatabirika. Likitabirika mno, zinasema hii ni akili mnemba, kwa kuwa akili mnemba nayo inaandika kwa kubahatisha neno linaloelekea zaidi kufuata. Neno likikushtua, basi mwandishi ni mtu. Sasa nawauliza, ukisikia "Paukwa" utaitika nini kama si "Pakawa"? Ukisikia "Haraka haraka", mtoto wa miaka mitatu hapo jirani anamalizia! Utamu wote wa hadithi zetu uko pale ambapo mnajua kinachokuja na mnakisubiri kwa pamoja, mdomo wazi. Bibi yangu akibadilisha neno moja kwenye chanjagaa wajukuu wanapiga kelele kwamba kakosea. Kwa kipimo cha hawa watu, bibi yangu ni roboti. Nilimwambia. Alitaka kujua roboti analipwa kiasi gani.

Nilidhani nikieleza wataelewa. Kuna sehemu ya msaada, unaandika malalamiko unajibiwa. Mwanzo ilinijibu mashine (wao wanaruhusiwa), ikanizungusha kwa majibu yale yale mpaka nikaandika kwa herufi kubwa kwamba nataka mtu. Akaja mtu. Salamu hakuna, ananiita "dear". Sijui mnanielewa? Mtu mzima, hanijui, sijui ni mwanamume au mwanamke, ananiita "dear" kila mstari, halafu ndani ya hiyo "dear" mna sindano. Nikamwandikia shikamoo, nikaeleza habari za bibi na paukwa, taratibu, kwa adabu zote. Jibu lake ndilo lililonikosesha usingizi: "Dear, kiwango cha lugha hakilingani na umri uliojaza."

Hakilingani na umri.

Dada yangu aliposoma alicheka akaanguka kitandani. Anasema, "Wewe mjinga, si wamekusifia?" Na kweli kwa dakika chache nilijiona mkubwa, nikalisoma lile jibu tena na tena kama barua ya mapenzi. Halafu likaniingia vizuri. Huyu ananiambia msichana wa shule ya serikali hawezi kuandika Kiswahili kizuri, akikiandika basi kaiba. Angekuwa amesoma sura na kusema haipendezi, ningenuna tu siku mbili. Lakini hakuisoma! Angeisoma angeona nilipochemka mwenyewe, kwa mfano pale mume anapotoka nyumbani asubuhi na kurudi asubuhi hiyo hiyo. Mama wa Muscat aliliona hilo siku ile ile. Kosa la namna hiyo ni la mtu aliyekuwa anasinzia kwenye prepo.

Akataka ushahidi wa rasimu. Sawa. Nikapiga picha kurasa za kauntabuku, hata ule wenye doa la uji. Naomba niwaeleze ukurasa mmoja tu. Ni siku mke wa pili anaingia nyumbani, na mke mkubwa anamngojea mlangoni amejifunga kanga. Kanga bila jina si kanga, hasa siku kama ile, kwa hiyo nikahangaika na jina. Kwanza niliandika "Hasidi hana sababu", nikakata, kila mtu analo. Nikaandika "Sina siri nina jibu", nikakata kwa mistari miwili mpaka karatasi ikatoboka, kwa kuwa yule mama si msemaji, angekuwa na jibu asingekaa kimya miaka yote ile. Pembeni, kwa wino mwingine kwa sababu ule wa kwanza uliisha, nimeandika "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikalizungushia duara. Mtu anayevaa kanga ya kumkaribisha mke mwenzake, na hakuna anayeweza kumlaumu kwa lolote! Nilikaa na hilo jina siku nzima najisikia raha, hata chakula cha shule kilipita.

Picha hizo nikatuma. Jibu: "Dear, maandishi ya mkono yanaweza kunakiliwa kutoka kwa mashine." Kesi ikafungwa. Yaani nilikaa bwenini pasipo simu, nikanakili kutoka kwenye mashine, kisha nikaanza kukata majina ya kanga ili kuwapotosha wao. Ningekuwa na akili hiyo ningekuwa nimeshajiajiri.

Kilichonimaliza kabisa ni kwamba yote haya yalitokea karibu na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, ile ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021. Nafungua programu kutazama kama wamerudisha sura yangu, nakutana na bango la rangi rangi: wanasherehekea Kiswahili, wanawaalika "waandishi wachanga wa Afrika kushiriki sauti zao". Sauti yangu mimi iko kwenye pipa lenu la takataka, mwenyewe nimewaletea!

Nikaanza kuchimba, na hapa naomba mniazime sikio kidogo maana hili halinihusu mimi peke yangu. OpenAI, hao hao waliotengeneza ChatGPT, walitoa kichunguzi chao Januari 2023. Walisema wenyewe kwamba kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba asilimia 9 ya maandishi ya watu kiliyasingizia. Walisema pia kitumike kwa Kiingereza tu, kwa lugha nyingine ni dhaifu zaidi. Julai mwaka huo huo wakakiondoa, hakiaminiki. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zimeandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, wakavipa vichunguzi 7. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha ziliitwa kazi ya mashine. Hizo ni insha za Kiingereza, lugha ambayo hivi vitu vimelishwa tangu vizaliwe. Kwa Kiswahili cha Pangani mnategemea nini?

Nilimtumia yule wa "dear" maelezo yote haya. Hajajibu mpaka leo, na nina hakika ameyasoma, kwa sababu alama mbili zilitokea.

Naelewa shida yao, nisije nikaonekana siwezi kuona. Kuna watu wanamwaga hadithi kumi kwa siku, zote mhusika anaitwa Amina, zote zinaisha na jua linatua na somo la maisha. Mimi mwenyewe nazichukia. Ukitafuta hadithi ya Kiswahili siku hizi unapita kwenye takataka hizo kwanza, na mtu kama mimi ndiye anayezikwa chini yake. Kwa hiyo wakisema wanasafisha, nawaunga mkono. Nilitaka tu anayesafisha awe anajua Kiswahili. Waajiri hata mmoja! Tanga nzima imejaa watu waliomaliza vyuo wako nyumbani, wanasoma na kuandika Kiswahili vizuri kuliko bango lao.

Mtaniuliza kama muipakue. Kwa kusoma, ndiyo, ipakueni, kuna watu wanaandika vizuri kule na wengine ni wadogo kuliko mimi. Kuna kijana wa Kigoma ana hadithi ya wavuvi wa dagaa usiku ziwani, sijawahi kuona taa za karabai zikielezwa vile. Kwa kuandika, msiwape nakala pekee mliyo nayo. Mimi kauntabuku yangu iliniokoa, lakini yale maoni siwezi kuyarudisha. Mabishano yote ya shangazi, ile marahaba, vyote vilifutwa na sura, na hivyo sikuwa navyo kwenye karatasi. Nikilifikiria hilo natamani kubadilisha kila nilichosema hapo juu na kuandika neno moja tu ambalo mama hataki nilitumie.

Niliweka nyota moja. Kisha mama wa Muscat akanitafuta kwa njia nyingine, kumbe alikuwa amenakili sura nzima kwa ajili ya kumsomea mumewe ambaye macho yamepungua nuru, akanirudishia na masahihisho ya ile asubuhi mbili. Huyo nilimpata kupitia wao, siwezi kukana. Kwa hiyo nimepandisha zikawa mbili. Wakirudisha sura yangu na maoni yake yote, mpaka ile marahaba, nitaweka nne. Ya tano wasahau, kwa ajili ya ile "dear".