Matairi ya spoti kwenye Mark X: kelele, starehe na usukani kwa barabara za Dodoma

Ukitoa matairi ya kawaida yaliyochoka kwenye Mark X ukafunga ya spoti, kitu cha kwanza kubadilika si breki wala kona. Ni usukani ukiwa katikati. Ile nafasi ya kuchezesha mkono kushoto na kulia gari likiwa kimya kama halijasikia inapotea, na gari linaitika papo hapo. Cha pili ni sauti. Ukitoka kwenye lami nzito ya Mji wa Serikali Mtumba ukaingia kwenye mtaa wa lami nyepesi yenye kokoto zilizojitokeza, mngurumo unapanda ghafla kana kwamba kioo cha nyuma kimeachwa wazi kidogo.

Tunazungumzia matairi ya daraja la Michelin Pilot Sport, Bridgestone Potenza, Continental SportContact na Yokohama Advan Sport, kwenye Mark X ya bodi namba GRX120 na GRX130, gari ambalo ni vigumu kupita maegesho ya ofisi yoyote Dodoma bila kulikuta. Kauli yetu tuitoe mapema: matairi haya ni mazuri, na thamani yake iko kwenye breki na kwenye mvua. Anayeyanunua ili rimu kubwa ionekane atapoteza starehe, na kile alicholipia hatakitumia.

Tatizo linaanzia kwenye saizi. Mark X ya kawaida ilikuja na 215/60R16 (upana milimita 215, ubavu asilimia 60 ya upana huo, rimu ya inchi 16), na kwa rimu ya 16 matairi ya spoti ya kweli ni machache. Muuzaji atakupandisha hadi 17 au 18. Hesabu zake ni hizi: 215/60R16 ina kipenyo cha milimita 664, 225/50R17 ina 657, 235/45R18, ambayo Mark X za toleo la juu zilitoka nayo kiwandani, ina 669. Tofauti inacheza kwenye asilimia 1, kwa hiyo spidomita haitadanganya na ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga kwenye breki, hautalalamika. Kinachopungua ni kimo cha ubavu, yaani mpira kati ya rimu na lami. Kwenye 16 ubavu una milimita 129, kwenye 17 karibu 113, kwenye 18 unabaki na 106. Hizo milimita 23 za mpira na hewa ndizo zilizokuwa zinameza tuta kabla shokapu haijashtuka.

Kwa Dodoma chaguo letu ni 17. Chaguo la matairi ni pana, ubavu bado una nyama, na rimu ya upana wa inchi 7 au 7.5 inalishika tairi vizuri. Ya 18 mwachie mwenye nyumba iliyo kando ya lami. Kwa anayeishi Nkuhungu ndani, Iyumbu au Nzuguni, ambako lami inaishia barabara kuu na zilizobaki ni changarawe na makorongo, 18 ni kununua rimu mara mbili.

Rimu za mtumba zina mtego wake. Mark X ina nati tano kwenye mzunguko wa milimita 114.3, na hilo kila muuza rimu analijua. Anachosahau ni tundu la katikati. Habu ya Toyota hii, kile kitovu kinachoingia kwenye tundu hilo, ni milimita 60.1, wakati rimu nyingi zisizo za kiwandani zina tundu la 73 ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi. Pasipo ringi ya plastiki au ya alumini ya kuziba pengo hilo, rimu inabebwa na nati peke yake na hukaa pembeni kidogo. Dalili yake: usukani unatetemeka kati ya spidi 80 na 100, unapeleka kwa balansi, mashine inaonyesha sifuri, unarudi barabarani na mtetemo upo palepale. Watu hubadilisha mpaka tairodi kwa kosa la ringi. Angalia na nati pia: rimu nyingi za asili za Toyota hutumia nati zenye washa bapa, rimu za nje hutaka nati za koni. Ukichanganya, zitalegea.

Sasa kelele, maana ndiyo malalamiko makubwa. Kwenye lebo ya Ulaya iliyobandikwa kwenye tairi jipya utaona namba kama 69 dB au 72 dB (desibeli, kipimo cha sauti), na wengi wanadhani ndiyo sauti watakayoisikia ndani ya gari. Siyo. Hiyo hupimwa na maikrofoni iliyosimamishwa kando ya barabara wakati gari linapita. Inakusaidia kulinganisha tairi na tairi, na tofauti ya 3 dB maana yake nguvu ya sauti imeongezeka mara mbili, lakini haikuambii lami ya kwenu itapiga kelele gani.

Ndani ya gari sauti ziko za namna tatu. Kuna mlio mwembamba wa hewa inayobanwa na kuachiwa kwenye mifereji ya tairi; huo husikika kwenye lami laini na kwa matairi ya spoti si mbaya, kwa sababu watengenezaji hupishanisha ukubwa wa kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, ili mlio usijirudie kwa sauti moja. Kuna mngurumo mzito wa kokoto za lami zikigonga mpira. Huu ndio adui hapa kwetu, kwa sababu ubavu mgumu na mfupi unaupitisha moja kwa moja hadi kwenye bodi. Ya tatu ni ule mlio wa "dung" kama wa mpira wa kikapu unapopita kwenye kiungo cha daraja au kwenye rasta: ni hewa iliyomo ndani ya tairi inayolia. Baadhi ya matairi yana sponji iliyogundishwa ndani kuukata mlio huo. Hupunguza kweli, ila fundi wa pancha lazima aibandue sehemu hiyo kabla ya kuziba. Mwambie mapema, la sivyo atagundisha kiraka juu ya sponji na kesho yake utarudi na upepo umeisha.

Mngurumo unaokuja baadaye, tairi likiwa limetembea kilomita elfu kadhaa, ni habari nyingine. Pitisha kiganja juu ya kashata za nyuma, mara ukielekea mbele, mara ukirudi. Ukiona mwelekeo mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kama msumeno, tairi linaliwa vibaya na ndilo linalolia. Kabla hujamlaumu fundi wa beringi, jaribu hivi: kwenye barabara iliyo wazi, yumbisha gari kidogo kushoto na kulia. Beringi mbovu hubadilisha sauti uzito unapohamia upande wake. Tairi lililoliwa kimsumeno huendelea kulia vilevile.

Starehe tuipite haraka. Matuta ya vijijini kando ya barabara kuu, pale Chamwino au Kibaigwa, yatapigwa kwa ukali zaidi hata ukiwa spidi ndogo. Kama shokapu zimechoka au bushi za arm zimepasuka, matairi ya spoti hayatazificha kama yale laini yalivyozificha. Anayefunga matairi mapya halafu akasema "gari limeharibika kwa chini" mara nyingi lilikuwa limeharibika tangu zamani.

Kwenye usukani na breki ndipo pesa inaporudi. Mpando wa kutoka Kintinku kwenda Manyoni, kona baada ya kona huku lori limekaa mbele yako, ndiko mahali pa kuyajua matairi haya. Gari linashika mstari ulioupa, halihitaji kurekebishwa katikati ya kona, na mkia haujisikii kama unafuata kwa kuchelewa. Breki ya ghafla inasimamisha gari kwa umbali mfupi, hasa lami ikiwa na maji, kwa sababu mpira wake ni laini na una silika nyingi, kiungo cha mpira kinachosaidia kushika lami yenye maji.

Lakini kuna tabia moja itakayomshtua asiyeijua. Barabara ya Morogoro inabebwa na malori ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na sehemu zake zina mifereji iliyobonyezwa na magurudumu yao. Tairi pana lenye bega gumu linafuata mfereji huo. Usukani unavutwa mkononi, mara kushoto mara kulia, na ukitaka kulipita lori gari linasita kutoka mferejini kisha linatoka kwa mruko. Si alaimenti. Shika usukani kwa mikono miwili, usibishane nao kwa nguvu, na pita ukiwa na nafasi. Upepo mwingi kupita kiasi ndani ya tairi huzidisha tabia hii.

Na mvua. Dodoma hukaa miezi mingi bila tone, kisha kuanzia Desemba zinashuka za ghafla. Mvua ya kwanza juu ya vumbi na mafuta ya miezi saba hutengeneza utelezi kama wa sabuni, na hakuna tairi la bei yoyote linaloutibu. Baada ya barabara kuoshwa, tairi la spoti lililo jipya ni salama kuliko mengi. Ila kumbuka tairi pana huelea kwa urahisi kuliko jembamba kashata zikiisha. Alama za TWI, zinazoonyesha tairi limeisha, zilizo ndani ya mifereji ziko kwenye milimita 1.6, usisubiri zifike. Kwa upana wa 225 badilisha zikibaki milimita 3, na kama unabadilisha mawili tu, mapya yaende nyuma. Nje ya lami, kwenye tope jeusi la mbuga za Bahi, matairi haya hayana kazi. Mifereji inajaa tope ndani ya mzunguko mmoja na umebaki na kipara.

Upepo usimwachie kijana wa kompresa akujazie "35 kote" kwa mazoea. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko. Kimeandikwa Kijapani, lakini tarakimu ni zilezile: tafuta saizi ya tairi na pembeni yake namba kama 230. Hiyo ni kPa, kipimo cha upepo, sawa na PSI 33 za geji ya kawaida. Ukihamia saizi ya 17 yenye maandishi XL ubavuni (tairi lililoimarishwa kubeba mzigo zaidi), ongeza PSI 2 juu ya kibandiko, maana tairi la XL hufikia uwezo wake wa kubeba kwa upepo mkubwa zaidi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Aliyejaza Dar es Salaam akaja moja kwa moja asishangae geji ikisoma juu: Dodoma iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni nyepesi, na kwa joto lilelile geji huongeza karibu PSI 2 bila mtu kugusa valvu.

Siku ya kufunga, simama pale. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 3524 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2024. Angalia yote manne, maana moja la zamani huwa linachomekwa katikati ya mapya. Matairi mengi ya spoti yana neno OUTSIDE ubavuni na lazima litazame nje. Yenye mshale wa ROTATION yafuate mshale. Kosa hili tunaliona mara nyingi kuliko lingine lolote, na mwenye gari hulalamika kelele mwaka mzima. Fundi atumie mashine, siyo vyuma vya mkono, kwa sababu ubavu mfupi ukilazimishwa ukingo wake unachanika na upepo utapungua polepole. Badilisha valvu zote nne. Nati zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kupimia nguvu ikiwa Nm 103, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 100. Alaimenti iwe ya magurudumu yote manne. Ya mbele peke yake haitoshi, kwani Mark X inarekebishwa nyuma pia na ikipuuzwa matairi ya nyuma huliwa upande wa ndani ambako huoni mpaka waya utokeze. Kisha endesha kwa upole kilomita 200 za mwanzo, kwa kuwa mpira mpya una utando wa kiwandani unaoteleza.

Pancha za miba ya migunga ni sehemu ya maisha huku. Tundu lililo katikati ya kashata, lisilozidi milimita 6, linazibika vizuri kwa kiraka chenye mguu kinachowekwa kutokea ndani. Utambi wa kuchomeka kutoka nje ni wa kukufikisha mjini tu. Tundu la begani au ubavuni halizibwi, hata fundi akiapa. Nundu ikijitokeza ubavuni baada ya shimo, nyuzi za ndani zimekatika. Hiyo haina dawa, na dhamana za matairi kwa kawaida haziihesabu.

Spea nayo, kama ni tairi kamili la zamani, itabaki 215/60R16. Inaingia, na kwa kipenyo inakaribiana sana, ila pancha ikitokea nyuma usiifunge huko kwa safari ndefu. Mark X inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na tairi mbili za vipenyo tofauti huifanya difu izungushe gia zake za ndani bila kupumzika. Hamisha la mbele lije nyuma, spea iende mbele, halafu tembea taratibu hadi Gairo au popote penye fundi mwenye mashine.