Umoja wa Ujerumani: njia ya bunge la 1848 na njia ya Bismarck

Wajerumani, waliogawanyika katika dola nyingi, walijaribu kuunganisha nchi yao mara mbili, na siwezi kuzitazama njia hizo kwa jicho moja.

Ya kwanza ilianzia kanisani. Mei 18, 1848, wabunge waliochaguliwa waliingia Paulskirche mjini Frankfurt. Kinanda kilifichwa nyuma ya picha kubwa ya Germania, mwanamke aliyeshika bendera nyeusi, nyekundu na dhahabu. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamepitisha haki za msingi: uhuru wa magazeti, wa dini, wa kukutana, usawa mbele ya sheria. Lakini jeshi lao wenyewe hawakuwa nalo. Mbunge mwenzao Robert Blum aliuawa kwa risasi na wanajeshi wa Austria mjini Vienna Novemba 9, wasiweze kumwokoa wala kumlipia kisasi. Aprili 1849 walimpelekea taji la Ujerumani mfalme wa Prussia, dola kubwa ya Kijerumani, Friedrich Wilhelm wa Nne. Akalikataa; hakutaka taji litokalo mikononi mwa raia.

Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, alikuwa na jeshi. Akapigana na Denmark 1864, Austria 1866, Ufaransa 1870, na Januari 18, 1871 dola ikatangazwa Versailles, ndani ya kasri la adui. Wanaume wa miaka 25 na zaidi walipata kura, ni kweli, ila kansela, yaani mkuu wa serikali, aliwajibika kwa kaizari, na katiba haikuwa na sura ya haki za raia.

Wengi humsifu Bismarck kwa sababu alifaulu. Mimi nawaheshimu zaidi wale wa Frankfurt: katiba za Ujerumani za 1919 na 1949 zilichota kwao.