Usiku sita Doolin: kijiji cha pwani ya Ireland kinavyotaka kukaliwa

Mara ya kwanza nilikaa Doolin saa moja tu. Nilinunua safari ya siku moja ya basi kutoka Dublin ninakoishi. Tuliondoka alfajiri, tukapewa dakika tisini kwenye majabali ya Moher, tukashushwa kijijini tule haraka, kisha safari ya kurudi. Nilifika nyumbani usiku na picha za ukungu, nisielewe watu wanasifia nini. Julai iliyopita nilirudi na mume wangu na binti yetu wa miaka tisa, tukalala usiku sita. Hiyo safari ya pili ndiyo ninayoipa alama zote.

Doolin kiko kaunti ya Clare, pwani ya magharibi, kikitazama bahari ya Atlantiki. Ni kijiji kilichotawanyika: huku chini Fisher Street na nyumba zake za rangi, kule juu Roadford, kati yake mto Aille na mashamba ya ng'ombe. Hatuna gari, kwa hiyo tulikwenda Galway kwa treni, halafu tukapanda basi namba 350. Kaa upande wa kulia, kwa sababu ukishapita Kinvara ghuba yote iko upande huo. Ukishuka mshukuru dereva kwa sauti. Huko kila mtu hufanya hivyo, mtoto kwa mzee, na mtu anayeshuka kimya hujulikana kuwa ni mgeni.

Tulilala kwenye nyumba ya familia inayokodisha vyumba, euro 140 kwa usiku kwa watu watatu pamoja na chakula cha asubuhi. Tuliweka nafasi mwezi wa Februari, na nakushauri usichelewe zaidi ya hapo. Chakula cha asubuhi cha Kiayalandi kimejaa nguruwe: soseji, nyama ya mgongo, hata soseji nyeusi ya damu. Nilimwandikia mama mwenye nyumba mapema kwamba sisi ni Waislamu. Tulipoamka tulikuta mayai, samaki wa moshi, uji wa shayiri, na mkate wa kahawia ambao hauumuliwi kwa hamira bali kwa magadi na mtindi. Binti yangu aliula mkate ule kwa siagi kila siku na hakuuchoka.

Kwenye mikahawa uliza pia. Supu nzito ya samaki na maziwa ni tamu mno, lakini wapishi wengine hutia vipande vya nguruwe, na kome mara nyingi huchemshwa kwa mvinyo. Nilipouliza sikuona uso uliokunjwa hata mara moja. Nyama ya halali kijijini sikuiona, tukala samaki siku zote sita. Kwa mtu aliyezaliwa Jambiani, pwani ya Zanzibar, hilo si tatizo hata kidogo.

Jambo ambalo saa yangu moja ya kwanza ilinificha ni hili: mchana kijiji ni cha mabasi ya watalii, na kuanzia saa kumi na moja jioni ni cha watu wake. Mwezi wa Julai jua linazama karibu saa nne usiku. Tulijifunza kulala baada ya adhuhuri na kutoka wakati mabasi yanaondoka. Jioni hiyo ndefu, yenye mwanga wa kama asali, utawakuta watu ukutani kando ya mto wakizungumza, watoto baiskelini, mzee na mbwa wake. Dereva anayepishana nawe hukunyanyulia kidole kimoja kutoka kwenye usukani, nawe umnyanyulie mkono. Kufikia siku ya tatu tulikuwa tunajua nani ni nani.

Sasa suala ambalo wengi wenu mtaniuliza: baa. Maisha ya usiku ya kijiji yako baa, na mimi sinywi. Niliogopa kwamba nitakaa chumbani. Lakini baa ya kijiji cha Ireland ni baraza pia. Watoto huruhusiwa wakiwa na wazazi wao, na majira ya joto wanaweza kukaa hadi saa nne usiku. Nikiagiza chai huletewa birika zima, bila swali. Gus O'Connor's ni nyumba ya tangu 1832, McGann's na McDermott's ziko Roadford, na muziki uko karibu kila usiku. Doolin imejengewa jina na muziki huo. Micho Russell, mkulima wa hapo aliyepiga filimbi ya bati na kufariki mwaka 1994, alikuwa akiupiga pamoja na nduguze Packie na Gussie, na watu waliokuja kuwasikiliza ndio waliokipa kijiji sifa.

Muziki wenyewe hauna jukwaa. Wapigaji wanakaa kwenye meza ya pembeni kama watu waliokuja kunywa tu: fidla, filimbi, kinanda kidogo cha kukunja na kukunjua, concertina, ambacho Clare wanakipenda kuliko kaunti zote, na ngoma iitwayo bodhrán. Nilipoiona ile ngoma moyo ulinipiga. Ni dufu! Duara la mti, ngozi ya mbuzi, inashikwa kwa mkono mmoja, ila wao wanaipiga kwa kijiti. Ukichanganya na fidla na kile kinanda, binti yangu akaniambia ni kama taarabu ya bibi iliyokimbizwa mbio.

Zipo adabu zake. Usikae kwenye viti vilivyo karibu na meza ile hata kama vina nafasi, vina wenyewe wanaokuja. Usiombe nyimbo. Zungumza kwa sauti ya chini wakati wa ngoma, lakini mtu akianza kuimba peke yake bila chombo, nyamaza kabisa na usishike hata kikombe. Usiku wa pili mama mmoja wa makamo aliimba hivyo kwa Kiayalandi, macho ameyafumba, na baa nzima iliyokuwa ikivuma ikawa kama msikiti kabla ya sala. Sikuelewa neno, na machozi yalinitoka.

Bahari yao inataka heshima. Siku ya tatu tulikuwa na tikiti za mashua ya kutazama majabali kutoka chini, na asubuhi tukaambiwa haitoki kwa sababu ya mawimbi. Baadhi ya wageni walikasirika sana. Mimi niliyekulia kwa wavuvi niliangalia maji yanavyopanda gatini nikamshukuru nahodha moyoni. Kesho yake ilitoka. Majabali yanafika mita 214, na ukiwa chini yake mashuani ndipo unaelewa namba hiyo, maana ndege elfu kwa elfu wamejaa kwenye vijukwaa vya mawe wanapiga kelele mpaka mwamba wenyewe unaonekana kuwa na sauti. Nenda kabla Julai haijaisha ukitaka kuwaona puffin, wale wenye mdomo wa rangi, kwani baada ya hapo hurudi baharini. Ukipendelea njia ya miguu ya juu, uliza kwanza ni sehemu gani iko wazi, kwa sababu vipande vyake vimekuwa vikifungwa kwa usalama.

Doolin si pa kuogelea. Tulipanda basi hadi Fanore, pwani ya mchanga yenye waokoaji wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa nyuzi kumi na tano hivi. Mume wangu aliingia mpaka magotini. Mimi nilizama kichwa kizima, na nilipotoka wanawake wawili walionitangulia wakanimiminia chai ya chupa yao bila kunijua jina.

Nyuma ya kijiji ndiko lilipo eneo la Burren, mawe matupu ya chokaa kama sakafu kubwa iliyopasuka, na ndani ya nyufa maua. Ukiinama utaona matumbawe yaliyogeuka jiwe. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita hapo palikuwa bahari ya joto. Nilipapasa jiwe lile nikakumbuka kuta za nyumba zetu.

Lakini kitu nilichoondoka nacho nilikikuta uani mwa nyumba tuliyolala. Mama mwenye nyumba alikuwa ametandaza mwani kwenye majani, unapigwa na jua na mvua ili ubadilike kutoka zambarau hadi rangi ya malai. Nikamwambia mama yangu Jambiani analima mwani. Akaacha kazi yake, akaniketisha. Wao huuita carrageen, neno la Kiayalandi lenye maana ya jiwe dogo, na kutokana nalo ndiyo likatoka jina la carrageenan, kile kitu ambacho viwanda vinakitoa kwenye mwani wa Zanzibar ili kugandisha maziwa na dawa za meno. Miaka yote mama amekuwa akiutumikia mmea unaotoa kitu chenye jina la pwani hii bila sisi kujua. Jioni ile mwenye nyumba aliuchemsha kwa maziwa, sukari na vanila, akauchuja, ukaganda wenyewe bila kuwekewa kitu kingine. Tuliula kwa vijiko huku manyunyu yakianguka, ile mvua nyepesi ambayo wao huiita siku laini.

Alinifungia mfuko mmoja. Nikampigia mama kwa video, nikamwonyesha.

"Hao wanalima au wanaokota, mwanangu?" akauliza.

Nikamwambia wanaokota kwenye mawe, maji ya bamvua yakipwa. Akausogeza uso kwenye simu kuutazama vizuri, akaniambia niukunjue kidogo. Kisha akaniuliza kilo ni bei gani.