Maji ya bomba au ya mvua kwa nyumba ya Lamu?

Kwa gharama ya kuanzia, bomba linashinda. Unaunganishiwa, unalipa bili kila mwezi. Tangi, mifereji ya bati na fundi vinataka pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, ingawa baadaye maji yenyewe ni ya bure.

Kwa uhakika, mambo si mepesi. Maji ya mji hutoka visima vya chini ya michanga, yaani vilima vya mchanga, ya Shela, kijiji jirani. Mvua hunyesha, michanga hunywa, maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi. Tukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda. Ndiyo maana inaniuma kuona majumba yakijengwa juu ya michanga ile. Pale ndipo kisima chetu sote. Mvua nayo ina msimu wake: paa la bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 10, unakinga karibu lita 500, lakini kuanzia Januari hadi Machi tangi dogo litakauka.

Matunzo: bomba halikusumbui sana. Tangi lataka kuoshwa, kufunikwa mbu wasizae, na maji ya mvua ya kwanza yamwagwe. Paa la makuti halifai, hutoa maji ya rangi.

Mpangaji wa chumba mtaani Mkomani, baki na bomba. Mwenye nyumba ya bati na familia kubwa, weka tangi la kunywa na kupikia, bomba liwe la kufulia.