TAHADHARI: "Mpingo mkavu" wa kukereza bakuli, kumbe ni mbao iliyopakwa rangi

Wakerezaji, kuna vipande vya mviringo vinauzwa mtandaoni kwa jina la mpingo mkavu, tayari kufungwa kwenye mashine: kipenyo sm 25 hadi 30, vyeusi tii toka ukingo hadi ukingo, nta imepakwa kote. Ukubwa wenyewe tayari ni wa kutilia shaka. Mpingo ni mti mdogo, shina lake lina mifereji, na mara nyingi moyo wake umeoza au una ufa. Kipande cha sm 30 cheusi kitupu, bila hata doa la ile mbao ya kimanjano ya pembezoni, ni nadra mno. Mtu akikuambia anavyo kumi, vyote sawasawa kama sahani za dukani, jiulize kavikata wapi.

Ndani huwa ni mbao nyepesi ya kahawia, imepakwa dawa ya viatu au imechovywa kwenye rangi nyeusi. Nta peke yake si kosa. Muuzaji mwaminifu hupaka vichwani, yaani pale nyuzi zilipokatwa, ili mbao isikauke haraka ikapasuka. Ila ikipakwa kila mahali, huoni nyuzi wala hujui unyevu uliomo.

Anzia kwenye mizani. Mpingo mkavu una uzito wa karibu kilo 1.2 kwa lita. Kipande cha kipenyo sm 20 na unene sm 7 ni lita 2.2, kwa hiyo kiwe na kilo 2.6 hivi. Kikija na kilo 1.6, hiyo ni mbao nyingine. Kwenye ndoo ya maji mpingo huzama, lakini usiridhike na hilo tu, kwani mbao mbichi za aina nyingine nazo huwa nzito na baadhi huzama. Kwangua nta, pima, kisha pima tena baada ya wiki mbili. Uzito ukiwa unaendelea kushuka, kipande ni kibichi na bakuli litapinda.

Wengi hushauri kufuta kwa pamba yenye spiriti. Kipimo hicho kinawaonea wauzaji wazuri: mpingo halisi nao huacha rangi ya kahawia yenye uzambarau kwenye pamba. Bora keekee ya mm 3. Toboa sm 1 kwenye uso bapa, pale katikati ambapo utachimba tumbo la bakuli, kwa hiyo tundu halitabaki. Vumbi la mpingo huwa jeusi lenye uzambarau mpaka chini. La bandia hutoka jeusi mwanzoni, kisha ghafla linakuwa la rangi hafifu kama la mbao ya dirisha. Usitoboe kichwani mwa nyuzi, maana huko rangi hupenya mbali ikakupoteza.

La hatari kuliko yote ni nyufa zilizojazwa supa gluu na vumbi jeusi, kisha nta ikapita juu. Bakuli linaweza kupasuka mashine ikiwa kwenye mizunguko 1000 kwa dakika, na kipande kilichomeguka huruka usawa wa uso. Kining'inize kwa kamba, ukigonge kwa mpini wa nyundo: kizima hulia kama marimba, chenye ufa hutoa mlio mfu. Hata kikilia vizuri, vaa ngao ya uso, anza na mwendo wa chini kabisa, na usisimame mkabala na ukingo wake.

Karatasi nazo ziulizwe. Tanzania, mazao ya misitu husafirishwa kwa hati ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Wanunuzi wa Muscat au London wakumbuke kwamba mpingo uko Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Mbao ghafi ikitumwa nje bila kibali hukamatwa forodhani, na aliyelipa ni wewe.

Kabla ya kutuma hata nauli ya basi, omba picha ya kipande hichohicho kikiwa juu ya mizani, kichwa kimoja kimekwanguliwa nta, na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni. Visingizio vikianza, funga mazungumzo.