Dagaa wa kichanja wa Mwaloni Kirumba: bei imechangamka ila wanalipa

Jamani kama huwa unanunua dagaa wa Mwanza kwa kuangalia bei tu, soma hii kwanza. Nimechukua sado ya dagaa wa kichanja pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa mama mmoja upande wa wakavu, kanizidishia bei kuliko wale wa kawaida na aisee tofauti ipo, tena kubwa.

Yote ni ukaushaji. Wengi wanaanikwa chini mchangani, mvua ikiwakuta wanalala na unyevu, matumbo yanaoza, wanageuka kahawia na mchanga utautafuna tu hata uoshe vipi. Wa kichanja wanaanikwa juu ya wavu, hewa inapita juu na chini. Hawa nilivyofungua mfuko bado wanang'aa kama fedha, wamenyooka, tumbo halijapasuka, ukimvunja mmoja anakatika kwa mlio hajikunji. Nikawaloweka maji ya vuguvugu nikawatoa, nikachungulia beseni, chini hamna mchanga, ni magamba kidogo tu. Na harufu ni ya samaki mkavu, sio ile kali ya chakula cha kuku.

Nikawakaanga kidogo, kitunguu, nyanya, pilipili, ndimu mwishoni, hawajavunjika na hata wale wanaotoaga vichwa nyumbani wamekula hivyo hivyo na ugali.

Watu wa Kigoma najua mtasema wa kwenu watamu zaidi, sawa, ila wale ni samaki wengine kabisa, wa ukoo wa sadini, wana mafuta yao. Huyu wa Ziwa Victoria, ndo omena wa Wakenya na mukene wa Waganda, ni ndugu na samaki ningu, na akikaushwa vibaya hana cha kumsaidia.

Kasoro: mfuko umefungwa fundo tu, haujaandikwa wameanikwa lini, ukifika nyumbani wahamishie kwenye ndoo yenye mfuniko. Halafu mzigo haupo muda wote, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika na bei inapanda, hapo ndo utauziwa wa zamani waliochanganywa. Nendeni kipindi cha giza, asubuhi, na muombe kumvunja mmoja kabla hamjatoa hela. Huyu mama hakunikatalia, kamwaga hadi wa chini ya kiroba nione.